Msitu wa Kagoma Usiozungukwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitu cha kushika, sikuambiwa ni cha nini. Bwana Misitu wa Wilaya ya Biharamulo alikitoa kwenye begi lake, kidude cheusi chenye ukanda wa njano, akaniwekea kiganjani. "Mama Koleta," akasema, "usikiangushe, usikinyweshe, na usimpe mtu akichezee. Sisi tukitembea, wewe tembea nacho." Basi, ndiyo mafunzo yote niliyopata asubuhi ile. Tulikuwa Nyamahanga, ukingoni mwa pori, umande umetulowanisha mpaka magotini. Mimi nilidhani ni redio. Nikakiweka sikioni. Wanaume wakacheka mpaka kanga, wale ndege wa porini, wakaruka.

Ile ndiyo jipiesi. Ninyi vijana wa kamati za maliasili mnayo ndani ya simu zenu, mnaiona kama chumvi tu jikoni. Wakati wetu ilikuwa mashine ya peke yake, na ilikuwa na hasira zake. Ilitaka uiwashe, usimame pahali peupe, usubiri. Inatafuta setilaiti, yaani zile nyota za chuma zilizotengenezwa na watu, zinazopita juu mchana na usiku. Ikishazipata za kutosha inakuambia uko wapi duniani, kwa namba. Chini ya mitundu minene, ile miti mirefu ya miombo, ilikuwa inapotea. Namba zinarukaruka kama panzi, inakuambia uko bondeni na wewe umesimama juu ya kichuguu. Hapo unatoka kwenye kivuli, unasubiri tena. Nimesubiri sana katika kazi ile. Unasimama porini, nyuki wanaimba kwenye mizinga ya magogo huko juu, kitu usichokiona kinakutafuta kutoka mbinguni, na wewe huna la kufanya ila kutulia ili upatikane.

Kalamu yangu ni nzito, niliishia darasa la nne, na nikianza habari moja nyingine inanivuta nguo. Ninachotaka hasa mkijue ni habari ya msitu wa Kagoma, kule kwetu Bukiriro, wilaya ya Ngara. Ulikaribia kuwa mkaa kwa sababu hakuna mtu wa mlima ule aliyekubali kuuzunguka. Lakini nikianzia Kagoma hamtaona uzito wake. Nivumilieni.

Mimi ni Mhangaza, nimezaliwa Bukiriro, nikaolewa Biharamulo. Niliingia kazini kupitia kamati ya maliasili ya kijiji. Walihitaji mwanamke kwenye kamati, na siku ya uchaguzi wanawake wenzangu walikuwa wameshaondoka kwenda kupika. Nikabaki mimi. Mradi ulipokuja kupima misitu ya vijiji walitaka watu wanaojua njia, na mwanamke wa kuokota kuni anajua njia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mnasimama sehemu ya mpaka wa msitu mliyokubaliana na majirani, mnaweka bikoni, jiwe la saruji lenye alama. Unabonyeza. Mnaanza kutembea mkiufuata mpaka, na jipiesi inaacha nyayo zako kwenye kioo, vidoti vidogo kama vya siafu. Mnatembea kutwa, pengine mnalala kijijini mnaendelea kesho yake. Mwisho mnarudi pale pale kwenye bikoni ya kwanza. Ukifika, nyayo za mwisho zinagusa za kwanza, mstari unakuwa umbo kamili, ambalo wataalamu wanaliita poligoni. Hapo mashine inakupa hekta za msitu wote. Niliipenda saa ile. Miguu inauma, jua limelegea, unaiona bikoni yako ya asubuhi imekaa pale pale inakusubiri. Mara nyingi nilikaa juu yake nikavua viatu.

Kabla ya kutembea tulichora kwanza chini. Wanawake wa Nyamahanga walichukua majivu wakaweka barabara, maharage wakaweka nyumba, majani wakaweka msitu. Inaitwa ramani shirikishi, maana kila mtu anatia mkono. Wakibishana, punje zinahamishwa. Nakumbuka mama mmoja alihamisha nyumba ya wifi yake mara tatu, kila mara mbali kidogo zaidi. Bwana Misitu akamwambia, "Mama, huyo ukimsukuma tena ataingia Burundi."

Kutoka hapo nikapelekwa Lusahunga, kwenye uhamasishaji. Mratibu wa mradi, mtu mpole aliyezoea kusafisha miwani kabla ya kusema jambo gumu, alitundika shuka jeupe ubavuni mwa lori lililoegeshwa, saa za magharibi, akawaonyesha watu picha za setilaiti. Pori lile lile, miaka tofauti. Unaona kijani, halafu kijani kina matundu, halafu matundu yana kijani. Madereva waliokuwa wanakula mishikaki wakasimama nayo mkononi. Pembeni ya barabara magunia ya mkaa yamepangwa kama watu waliokuja kuangalia nao. Mwanamke mmoja muuza mkaa akaniambia mimi, si Mratibu, "Mama, nimeona. Picha nzuri. Sasa kesho watoto wangu wale picha?"

Mratibu akasafisha miwani. Mpaka leo nikipita Lusahunga namtafuta yule mama kwa macho, ingawa jibu bado sina.

Nilikaa kituo kile muda mrefu. Nikaona jambo ambalo halikuhitaji shuka. Magunia yalikuwa yakitoka karibu, yakaanza kutoka mbali. Pori la karibu likiisha mkaa haukomi, unatafuta njia nyingine. Na njia nyingine ni barabara ile ile ya Rusumo, inapanda Ngara.

Ndipo mradi ukahamia Ngara, nami nikarudi nyumbani na jipiesi shingoni.

Ukungu wa Bukiriro una tabia yake. Unapanda kutoka bondeni kama mgeni asiye na haraka. Unafunika migomba, halafu mabati, halafu msalaba wa kigango, na mwisho unabaki wewe na sauti za mbuzi usiowaona. Msitu wa Kagoma uko juu kidogo ya ukungu. Asubuhi ukiutazama kutoka ng'ambo unaelea, hauna miguu. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba usiku unaondoka na alfajiri unarudi. Chini yake kuna chemchemi, na chemchemi ile ndiyo maji ya kijiji chote. Ilikuwa hivyo bibi zetu wakiwa wasichana. Miti ya vilima vingine ilikwisha, ile ikabaki kwa sababu ya mzee wake.

Mzee wake, wakati wangu, alikuwa Mzee Sabasi. Ukoo wao ndio walinzi wa Kagoma. Naye pia alikuwa katekista wa kigango, ndiye aliyenifundisha mimi Baba Yetu. Mtu akimuuliza mambo mawili hayo yanakaaje ndani ya shati moja, alikuwa anasema, "Shati langu ni pana."

Sasa sikilizeni hatari ilipokuwa. Mfanyabiashara mmoja wa mkaa na nguzo alikuwa ameomba serikali ya kijiji impe kilima kile. Alisema ni pori tupu lisilo na mwenyewe, na kwa karatasi hakudanganya. Kagoma haikuwa na mpaka wala jina katika ramani yoyote ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ungekaa baada ya mavuno ya maharage. Tukifika pale na ramani, wanakijiji wangeweza kuutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji, ukawa na sheria zake ndogo na doria yake. Tukifika mikono mitupu, ombi la yule bwana ndilo lingekuwa mezani, na watu wana ada za shule. Maharage yalikuwa yameshaanza kugeuka njano.

Tulipanda asubuhi, mimi, Bwana Misitu wa Ngara, na Mtaalamu wa Ramani, mtu wa pwani aliyekuwa akivaa masweta mawili na kuomba Mungu amkumbuke. Tukaanza karibu na chemchemi. Hatujafika mbali, tukasikia ndoo zinaanguka. Wanawake waliokuwa wanachota wameshika vichwa, wanalia kilio cha msiba. Mbele yao Mama Vene, ambaye tulicheza naye utotoni.

"Nani kafa?" anapiga kelele. "Semeni tu, nani kafa!"

"Hakuna aliyekufa, mama," akasema Mtaalamu wa Ramani. "Tunapima tu."

"Mnapima nini kama si jeneza? Na wewe Koleta, mtoto wa hapa hapa, umeshika nini hicho shingoni?"

Hapo nikakumbuka. Watu wa mlima ule, baba wa nyumba akifa, ndugu huizunguka nyumba yake mara moja, kimya, na kurudi pale walipoanzia. Hivyo ndivyo anavyoambiwa kwamba ameachiliwa, aende. Kitu kilicho hai hakizungukwi. Mimi Biharamulo nilikuwa nimezunguka mapori na mapori, hakuna aliyelia, kule si desturi yao. Na sasa tulikuwa tunautangazia msitu kifo chake mbele ya wanaokunywa maji yake.

Mzee Sabasi akashuka na fimbo yake. Tukamwamkia. "Marahaba, wanangu," akasema. "Sasa rudini kwa njia mliyojia. Msivuke hapa."

Mtaalamu wa Ramani hakuwa mtu wa kiburi. Akakunjua picha ya setilaiti juu ya jiwe, akasema pengine hatuna haja ya kutembea, msitu unaonekana wote. Mzee akainama. Akauona Kagoma kutoka juu, umekaa kama kiganja cha kijani. Akaangalia muda mrefu hata ukungu ukatupita na kutuacha.

"Picha hii kapiga nani?"

"Setilaiti, mzee. Iko juu sana."

"Imekaa tu huko?"

"Hapana. Inazunguka."

"Inazunguka nini?"

Yule bwana angeweza kusema lolote. Akasema kweli. "Dunia, mzee. Inaizunguka dunia yote, inarudi, inaanza tena."

Mzee Sabasi akanyoosha mgongo taratibu. "Dunia yote," akasema. "Basi ndiyo maana." Akaondoka.

Bwana Misitu alitaka kucheka akashindwa. Njiani akatueleza kwamba picha peke yake isingetosha hata kama mzee angekubali. "Picha inaonyesha miti," akasema. "Haionyeshi makubaliano. Mpaka lazima majirani na wazee waukanyage wenyewe, kila mmoja aone unapita wapi. La sivyo mkutanoni mtu mmoja atasimama aseme mmekula shamba lake, na ramani imekwisha." Alikuwa sahihi. Nimeona ramani nyingi nzuri zikifa hivyo.

Siku zikawa zinakwenda. Watu wakaanza kung'oa maharage. Yule mfanyabiashara alionekana kijijini akinunulia watu soda.

Mimi nikaenda kwa Mzee Sabasi kusaidia kupepeta. Sikuwa na hoja yoyote. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa binti wa hapo na mavuno yamefika. Tukakaa uani, maganda yanaruka, jua la saa tisa lile linalofanya kila kitu kiwe kama cha ndotoni. Tulikaa hivyo mpaka mwenyewe akasema.

"Koleta, wewe unataka nini?"

"Nataka chemchemi, Mzee."

"Na mimi."

"Yule bwana wa mkaa hatauzunguka msitu. Ataingia moja kwa moja katikati."

"Najua."

Akaendelea kupepeta. Macho yake yalikuwa kwenye ua wake, minyaa iliyozeeka, mikubwa kama watu.

"Ua huu nilijenga na kaka yangu," akasema. "Unajua tulijengaje?"

"Hapana."

"Unaanza na lango. Mmoja anasimama nguzo hii, mwingine nguzo ile. Mnapeana mgongo. Huyu anapanda minyaa kwenda huku, yule anapanda kwenda kule. Mnakutana nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeizunguka. Na lango hakuna aliyelipita na mche mkononi, limebaki wazi, watu waingie na kutoka." Akaniangalia. "Hiyo mashine yako inaweza kwenda na watu wawili?"

"Tunazo mbili, Mzee."

"Basi tukaujengee ua. Mambo ya kuuzungukia matanga sitaki kuyasikia."

Siku ile sitaisahau, ingawa nikiikumbuka sasa inakuja kama jambo nililoota homani. Tulisimama upande wa macheo, juu, panapotazama mahame, mashamba yaliyoachwa zamani. Mzee Sabasi akachagua miti miwili, akasema hizi ndizo nguzo. Nafasi kati yake ingepitisha ng'ombe kadhaa wakiwa sambamba. Bikoni mbili zikawekwa, moja kila upande. Kundi la Mzee pamoja na Mtaalamu wa Ramani likaelekea kaskazini, letu na Bwana Misitu kusini. Tukapeana mgongo. Majirani walitoka kila mmoja kwenye shamba lake, wakatembea nasi kipande chao, wakabisha kidogo, wakakubali, wakarudi. Ukungu ulikuwa unaingia na kutoka kati ya miti. Wakati mwingine nilisikia upande wa pili wa msitu fimbo ya Mzee ikigonga mawe, halafu kimya, halafu tena. Nilikuwa sisikii miguu yangu. Nilitembea kana kwamba mpaka ulikuwepo tangu zamani, mimi naufuata tu kwa nyayo za mtu aliyetangulia.

Tulipoteremka chemchemini, wanawake walikuwa pale na ndoo zao. Wakatuona sisi tunatokea kulia, wakawaona wengine wanatokea kushoto, Mzee Sabasi mbele, amechafuka matope, anatabasamu kama bwana harusi. Mama Vene akaweka ndoo chini. Safari hii aliiweka taratibu.

"Karibuni," akasema. "Mmetoka wapi na wapi?"

"Langoni," akajibu Mzee.

Kazi haikuishia hapo, kwa sababu kompyuta haikulelewa Bukiriro. Mtaalamu wa Ramani aliingiza ile mistari miwili, ikakutana vizuri kwenye chemchemi, lakini upande wa macheo ikaacha uwazi. Mashine ikakataa kutoa hekta. Mstari usiorudi ulikoanzia hauna ndani wala nje, na kisicho na ndani hakipimiki. Bwana Misitu akasema, "Vuta tu mstari hapo, nani atajua?" Mtaalamu wa Ramani akanipigia simu.

"Mama, shikamoo. Naomba uniulizie kwa mzee. Pale langoni, kwa ajili ya kuhesabu, naweza kuweka nukta nukta badala ya mstari?"

Nikapanda kwa Mzee, nikamweleza, nikachora chini kwa kijiti. Akaziangalia nukta zangu.

"Zina nafasi katikati?"

"Zina, Mzee."

"Mtu anapita?"

"Anapita."

"Aweke."

Mkutano mkuu ulikaa kwenye uwanja wa shule. Ramani ikabandikwa ukutani. Yule mfanyabiashara alisema vizuri, tena kwa heshima, akaahidi madawati, na nikaona vichwa vinaitikia. Niliogopa. Kisha Mama Vene akasimama akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye mpaka, akausafiri pole pole, midomo inacheza. Watu wote wanamtazama mgongo. Akafika upande wa macheo, kidole kikasimama.

"Hiyo lamani yenu," akasema bila kugeuka, "hizi tundu ndizo mlango?"

"Ndizo, mama," akasema Mtaalamu wa Ramani.

"Basi mimi nimemaliza." Akarudi kukaa, akanyoosha mkono juu kabla haujaombwa. Mikono mingine ikafuata, ile ya karibu naye kwanza, halafu nyuma, halafu hata ya wanaume waliokunywa soda. Kagoma ikawa msitu wa hifadhi wa kijiji.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimeona droni ikirushwa, mbuzi wakitawanyika na kuku wakidhani ni mwewe. Nimeona jipiesi ikihamia kwenye simu. Magoti yakaanza kulalamika kwenye miteremko, nikaomba kupumzika, wakanifanyia chai na keki na Mratibu akasafisha miwani tena. Nikarudi Bukiriro kabisa. Mume wangu alikuwa ameshatangulia, na watu wangu wako huku. Mzee Sabasi naye tulimzika.

Mkiniuliza kazi ile ilinifunza nini, jibu langu ni fupi. Ramani ni maneno ya watu yaliyokaa kimya. Kabla haijakaa kimya lazima izungumzwe sana, na anayezungumza polepole asiachwe nyuma. Wanaokuja na vyombo vipya nawapenda. Nawaomba tu wasubiri kidogo pahali peupe kabla ya kubonyeza.

Mwaka huu alikuja Mtaalamu wa Ramani mwingine, dada mmoja mchangamfu, na picha mpya za setilaiti. Tukakutana chemchemini, yeye, mimi, Mama Vene na wanawake wengine. Akafungua kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kagoma iko pale, kijani, imekaa ndani ya mstari wake. Lakini upande wa macheo, pale penye nukta, kijani kimetoka. Ulimi wa miti michanga umepita kati ya bikoni mbili, umeingia kwenye mahame, umeteremka kuelekea bondeni. Pengine ni ndege wamebeba mbegu. Pengine ni kwa sababu hakuna aliyelima pale, maana watu hawalimi langoni mwa mtu. Hatukuupanda. Pande nyingine zote msitu umekaa palepale, ni pale tu ulipotoka.

Tuliinama wote kuangalia, vichwa vimegusana, maji yanajaa ndoo na kumwagika bila mtu kujali.

"Mpaka wa zamani hautoshi tena," akasema yule dada. "Inabidi nichore mwingine. Sasa niuchore wapi?"

Mama Vene akajitwika ndoo yake, akaiweka sawa kichwani.

"Usichore kwanza," akasema. "Acha tuone unakwenda wapi."